Mtihani wa Kigiriki, C ya muungwana, na mjomba anayeamini wa zamani walisoma kuliko sisi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari, Morogoro. Kwenye kundi letu la walimu mtu katuma karatasi ya mtihani wa kuingia chuo cha Harvard, Marekani, wa mwaka 1869. Kuna Kilatini, Kigiriki, jometri, mpaka logi. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, akasema hiyo ndiyo ilikuwa elimu, siku hizi vyuo vinazoa kila mtu. Nikaenda kusoma kidogo, nikakuta ripoti za vyuo vya huko za miaka ya 1900 zinalalamika kwamba "skolashipu" ya wanafunzi iko chini. Nimechanganyikiwa. Kama mlango ulikuwa mgumu namna ile, mbona waliokwisha ingia wanalalamikiwa? Na hiyo skolashipu ni ufadhili au ni nini?

Jibu: Marahaba mwalimu. Mjomba msalimie, na umwambie kwanza kwamba karatasi ile ni ya kweli, si uzushi wa mitandaoni. Harvard iliwapa watahiniwa wake mwaka 1869, na ina hayo yote uliyoyataja, pamoja na historia na jiografia. Mimi mwenyewe, na mvi zangu hizi na vyeti vyangu, ningetoka na sifuri safi kwenye Kigiriki.

Ila kuna tarakimu mbili ambazo huwa hazisafiri pamoja na karatasi hiyo. Waliofanya mtihani ule walikuwa 210. Waliopokelewa walikuwa 185. Piga hesabu: karibu tisa katika kila kumi. Mtihani ambao tisa kati ya kumi wanaingia nao si mtihani mgumu kwa waliokuwa wakiufanya. Unatutisha sisi ambao hatukufundishwa yaliyoulizwa. Chukua kijana wa Lamu aliyekaa madrasa tangu ana miaka minne, umpe aya azisome na kuzifafanua. Atamaliza kabla chai yako haijapoa. Karatasi hiyo hiyo mpe mwanafunzi bora wa kidato cha sita kutoka Mafinga ambaye hajapata kushika juzuu. Atakurudishia karatasi nyeupe. Hapo umepima akili za watoto wawili, au umepima nyumba walizolelewa?

Shikilia hilo swali, maana jibu langu lote limo humo.

Neno skolashipu halina shida. Katika ripoti hizo siyo fedha. Ni usomi wenyewe: bidii ya mwanafunzi, kina cha anachokijua, na alama anazopata. Walipolalamika kwamba skolashipu imeshuka walikuwa wanasema vijana hawasomi. Na wengi wa waliolalamikiwa, kama utakavyoona, hawakuhitaji ufadhili wa mtu.

Sasa tuje kwenye mlango. Mwishoni mwa karne ya 19 kila chuo cha Marekani kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia, na vitabu vyake. Hata kwa waandishi wa Kilatini tu, huyu anataka Caesar sura hizi, yule anataka Cicero hotuba zile, wa tatu anataka Virgil. Walioumia zaidi walikuwa wakuu wa shule za maandalizi. Mmoja wao alilalamika mwaka 1885 kwamba ana wavulana arobaini na kitu wa kuwaandaa kwa mwaka unaofuata, lakini inambidi aendeshe vidato vya mwisho zaidi ya ishirini, kwa kuwa kila kikundi kinakwenda chuo tofauti chenye matakwa tofauti. Wewe unayefundisha mikondo mitatu ukaona umeonewa, mfikirie huyo.

Ndipo watu wawili wakalivalia njuga suala la mtihani mmoja wa pamoja: Nicholas Murray Butler wa Columbia, New York, na Charles William Eliot, rais wa Harvard. Mwaka 1899 walilipeleka kwenye mkutano wa vyuo na shule uliofanyika Trenton, New Jersey. Rais wa chuo cha Lafayette akasimama na kusema chuo chake hakikubali kuambiwa na mtu nani kimpokee na nani kimkatae. Kama wanataka kumchukua mtoto wa mfadhili, au wa mjumbe wa bodi, au wa mwalimu wa hapo chuoni, na kijana mwenyewe atafaidika, basi watamchukua. Eliot, mzee mkavu aliyekuwa hacheki ovyo, akainuka kumjibu kwamba mwenzake hakuelewa. Chini ya mpango huu, akasema, Lafayette itaweza kabisa, ikipenda, kuamua kupokea wale tu watakaoshindwa mtihani, na hapana anayekusudia kuinyima haki hiyo. Ukumbi ukaangua kicheko na hoja ikapita.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, lakini kicheko kisitusahaulishe kwamba rais wa Lafayette alikuwa amesema ukweli ambao wenzake waliuficha. Vyuo vilikuwa vikiendeshwa hivyo hasa.

Bodi ya mtihani wa pamoja iliundwa mwaka 1900, na mtihani wa kwanza ukafanyika Juni 1901. Watahiniwa walikuwa 973, kwenye vituo 67 vya Marekani na viwili vya Ulaya. Masomo yalikuwa tisa: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kilatini, Kigiriki, historia, hisabati, kemia na fizikia. Hakuna kuchagua a, b, c au d. Yote ni kuandika. Wasahihishaji walikusanyika katika maktaba ya Columbia, wakagawa majibu katika ngazi tano, kuanzia "bora sana" kwa mwenye 90 na kuendelea hadi "duni sana" kwa aliye chini ya 40. Kati yao kulikuwa na ngazi iliyoitwa "ya mashaka", kwa wa 60 hadi 74. Jina hilo nalipenda. Angalau walikiri kwamba msahihishaji naye ana mashaka.

Usidhani mtihani huo uliiteka nchi mara moja. Watahiniwa wote wa 1901, isipokuwa 215, walikuwa wanakwenda Columbia au Barnard, chuo dada cha wanawake. Vyuo vingi, hasa vya magharibi ya kati, havikutumia mtihani kabisa. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimeanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870 kupeleka maprofesa wake kukagua sekondari. Shule ikipita ukaguzi, mhitimu wake anaingia kwa cheti cha mkuu wa shule tu. Utaratibu huo ukaenea. Kwa hiyo mjomba anaposema "zamani", muulize zamani ya wapi, maana kijana wa Ann Arbor, mji wa chuo hicho cha Michigan, na kijana wa Boston, jirani na Harvard, waliishi zamani mbili tofauti.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo karatasi ya mtandaoni haiwezi kukuonyesha hata ukiigeuza nyuma: kuingia na deni.

Mtahiniwa aliyefaulu baadhi ya masomo na kuanguka mengine hakurudishwa nyumbani. Alipokelewa kwa masharti. Ataanza mwaka wa kwanza na wenzake, huku akidaiwa Kilatini, au aljebra, au Kifaransa, alipe deni hilo polepole kabla ya kuhitimu. Wanafunzi wa vyuo vyetu watalielewa mara moja: ni sapu. Tofauti ni kwamba hii ni sapu ya somo la sekondari, unaifanya ukiwa tayari unaitwa mwanachuo. Na hawakuwa wachache. Mwaka 1907, katika Harvard, Yale, Princeton na Columbia, zaidi ya nusu ya walioanza masomo walikuwa hawajatimiza sifa za kuingia zilizochapishwa na chuo chenyewe. Hivi ni vyuo vinne vilivyotajwa kuliko vyote nchini. Chuo kidogo, chenye madawati mengi kuliko wanafunzi, kiliishi na idara ya maandalizi pembeni, kikawafundisha chenyewe vijana masomo ya sekondari ili kesho kipate wa kumwita mwanachuo.

Sababu haihitaji utafiti. Mwaka 1900 Marekani nzima ilikuwa na wanafunzi wa elimu ya juu wapatao 238,000, kama wawili hivi katika kila vijana mia wa miaka 18 hadi 24. Waliomaliza sekondari mwaka ule walikuwa kama 95,000, sita tu katika kila mia wa umri wa miaka 17. Vyuo vilikuwa mamia, vikigombea kapu hilo dogo. Ada ya Harvard ilikuwa dola 150 kwa mwaka. Ukimrudisha mtoto wa tajiri wa Philadelphia kwa sababu ya Kigiriki, wiki ijayo yuko chuo cha jirani, ada mkononi, na baba yake ameshasahau kukujengea bweni.

Kilichokaza kamba kidogo hakikuwa mtihani wala hotuba. Ilikuwa pensheni. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za maprofesa. Mfuko ukaweka sharti: chuo kinachotaka walimu wake walipwe lazima kidai kwa kila anayeingia vipimo 14 vya masomo ya sekondari, kila kipimo kikiwa saa 120 hivi za darasani kwa mwaka. Vyuo vilivyokuwa vimebishana miaka ishirini juu ya viwango vikakaa chini na kukubaliana. Yaliyowashinda wanafalsafa wa elimu yakawezwa na kiinua mgongo.

Basi kijana ameingia, na deni lake au bila deni. Huko ndani alifanya nini? Hapa ndipo ripoti zako zinapolia.

Eliot alikuwa ameibadilisha Harvard kwa kumwachia mwanafunzi uhuru wa kuchagua masomo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 lililobaki la lazima lilikuwa karibu moja tu, uandishi wa Kiingereza kwa mwaka wa kwanza. Wazo lilikuwa zuri: mtu mzima achague anachokipenda, atakisoma kwa moyo. Wenye moyo walifaidi kweli, maana walipata walimu na maktaba ambazo baba zao hawakuziota. Wasio na moyo wakatafuta masomo ya mteremko, na kuyapanga kwa kuangalia saa ya kipindi kuliko kichwa cha somo.

Mwaka 1903 walimu wa Harvard waliunda kamati, chini ya LeBaron Russell Briggs, wakawauliza wanafunzi wenyewe wanajisomea kiasi gani. Majibu yaliwatia aibu. Kwa kila somo, nje ya vipindi, kijana wa kawaida alikuwa akijisomea chini ya saa nne kwa wiki, pungufu sana ya walivyodhani walimu wake. Kamati iliandika kwamba kiasi hicho ni kidogo cha kutia fedheha. Kumbuka hawa nao walikuwa wamepita kwenye mtihani wa kuingilia. Mlinzi mkali getini hamlazimishi mtu kufanya kazi akishaingia uani.

Wakati ule kulikuwa na msemo: C ya muungwana. Kijana wa ukoo unaojulikana, aliyetoka shule ya bweni ya gharama, alitakiwa apite bila kujitesa. D ilikuwa hatari kwa sababu ungeweza kuondolewa. A ilikuwa na harufu ya ulafi, ya mtu anayetafuta kazi ya ualimu. C ilikaa vizuri, ikakuachia nafasi ya klabu, mpira, gazeti la wanachuo na karamu. Franklin Roosevelt aliingia Harvard mwaka 1900 kutoka shule ya Groton, akapata C kwa wingi, akaongoza gazeti la wanafunzi, na mwaka 1933 akawa rais wa nchi. Mshairi T. S. Eliot aliingia mwaka 1906 na katika mwaka wake wa kwanza akawekwa chini ya onyo kwa alama mbaya. Huyo baadaye alijirekebisha, akawa msomi hasa. Wengine wengi hawakuona sababu ya kujirekebisha.

Na mtihani wa chuo uliwezekanaje kwa mtu asiyesoma? Karibu na lango la Harvard palikuwa na bwana mmoja, William Nolen, ambaye wanafunzi walimpachika jina la "Mjane". Alikuwa na jengo lake na tuisheni yake. Muhula mzima kijana anacheza. Usiku wa kuamkia mtihani anakwenda kwa Mjane, analipa, anamiminiwa somo zima kwa muhtasari uliopangwa vizuri, asubuhi anakwenda kulitapika. Kumbe madesa hayakuanzia Mlimani.

Woodrow Wilson, aliyekuwa rais wa Princeton kabla ya kuwa rais wa Marekani, alisema mwaka 1909 kwamba michezo ya pembeni imeimeza sarakasi yenyewe, na wanaotumbuiza kwenye hema kuu mara nyingi wanawangoja watazamaji bure, wamevunjika moyo. Alikuwa anazungumzia klabu na timu za mpira, ambazo hapo Princeton zilimshinda hata yeye.

Nipite kwa haraka kwenye alama zenyewe, maana mjomba anaweza kusema "lakini A ya zamani ilikuwa A". Mwaka 1908 Max Meyer wa Chuo Kikuu cha Missouri alichambua alama zilizotolewa na walimu wa chuo chake hichohicho. Mwalimu mmoja wa falsafa alitoa A kwa asilimia 55 ya wanafunzi. Katika somo moja la kemia A ilikuwa asilimia 1. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott wa Wisconsin wakatuma nakala za karatasi ileile ya majibu ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari; 142 wakairudisha imesahihishwa. Alama zilianzia 64 hadi 98. Watu wakasema ah, hicho ni Kiingereza, kila mtu na jicho lake. Wakarudia kwa jometri. Jometri! Alama zikaanzia 28 hadi zaidi ya 90, kwa karatasi moja, mkono mmoja. Wewe na mimi tumewahi kukaa kwenye vyumba vya kusahihishia, hatuna haja ya kushangaa sana.

Je, kuna walioinua usomi? Wapo, na hiki ndicho kipande ninachotaka ukifundishe darasani, maana hakisimuliwi mara nyingi. Waliofanikiwa hawakuanza kwa kukaza mlango. Walianza kwa kubadilisha maisha ya ndani.

Princeton, mwaka 1905, Wilson aliajiri kwa mkupuo walimu vijana karibu 50, kazi yao kukaa na vikundi vidogo vya wanafunzi na kuzungumza juu ya walichosoma. Ukiwa kwenye ukumbi wa watu mia mbili unaweza kulala. Kwenye kikundi cha watu watano, mwalimu akikuuliza ukurasa wa arobaini unasemaje, utajificha wapi? Harvard, Abbott Lawrence Lowell alimrithi Charles Eliot kama rais mwaka 1909 na haraka akafunga mteremko: katika masomo 16 ya shahada, angalau sita yawe ya fani moja, na sita mengine yatawanywe kwenye fani nyingine. Baadaye ukaja mtihani wa jumla wa fani nzima mwishoni, ambao kwa Mjane haukuwa rahisi kuufungia kwenye muhtasari wa usiku mmoja.

Kinachonivutia zaidi ni Reed, chuo kidogo cha Portland, Oregon, kilichofungua madarasa mwaka 1911 chini ya kijana William Trufant Foster. Alikuwa na bahati ya kuanza na kiwanja kitupu, hana wahitimu wa zamani wa kumpigia kelele. Akakataa timu za kushindana na vyuo vingine. Akakataa vyama vya siri vya wanafunzi. Alama zikawekwa kwenye faili, lakini mwanafunzi hakuletewa. Alipewa maoni ya kazi yake. Na kila aliyetaka shahada ilibidi aandike tasnifu yake mwenyewe. Huko pia mlango ulikuwa mkali, nakubali, lakini ukali huo ulikuwa na kazi: alitafutwa kijana anayetaka kusoma, asiyekuja kutafuta klabu. Miaka kumi baadaye, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, akaingia Swarthmore karibu na Philadelphia, na mwaka 1922 akaanzisha mpango wa wanafunzi bora: miaka miwili ya mwisho wanasoma kwa semina, na mwishoni wanatahiniwa na watahini kutoka nje ya chuo. Mwalimu na mwanafunzi wakajikuta upande mmoja wa meza. Nani angemwomba mwalimu wake amwonee huruma, wakati mtahini ni mgeni?

Sijasema kuhusu waliobaki nje ya uzio, na bila wao jibu lingekuwa la uongo. Wanawake waliotaka mtihani mkali waliupata Bryn Mawr, ambapo M. Carey Thomas hakukubali vyeti vya shule. Alitunga mtihani wake wa kuingilia, mgumu kwa makusudi, kwa sababu dunia ilikuwa inasema ubongo wa mwanamke hauwezi Kigiriki. Hapo ugumu ulikuwa hoja. Stanford, upande wa magharibi, mwaka 1899 iliweka kikomo cha wanawake 500, haijalishi wangapi wamefaulu. Alain Locke, kijana mweusi wa Philadelphia, alimaliza Harvard mwaka 1907 kwa heshima za juu na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes, wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Vyuo kadhaa vya Oxford vilimkataa kabla ya Hertford kumpokea. Alama zake zilikuwa sawa na za yeyote. Na Mbiyu Koinange wa Kiambu, alipovuka bahari mwaka 1927, alianzia Hampton, Virginia, shule iliyoanzishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, ndipo akaenda Ohio Wesleyan na baadaye Columbia. Mwafrika Mashariki aliingia kupitia mlango uliojengwa kwa ajili ya waliofungiwa mlango mwingine.

Mjomba anayatamani mageti membamba. Yalikuja, katika miaka ya 1920. Mwaka 1911 Harvard ilikuwa imeongeza njia mpya ya udahili, rekodi ya shule pamoja na mtihani wa masomo manne tu, ili kuwafikia vijana wa shule za umma. Walikuja kweli. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi wa wahamiaji Wayahudi, wenye alama safi. Kufikia mwaka 1922 Wayahudi walikuwa kama mmoja katika kila watano. Lowell, yuleyule aliyefunga mteremko, akataka wawekewe kikomo. Walimu walikataa kikomo cha wazi, lakini mwaka 1926 chuo kikaamua kupokea wapya 1,000 tu kwa mwaka na kuwachuja kwa "tabia": picha, barua za utambulisho, usaili. Columbia ilikuwa imetangulia kwenye njia hiyo, kwa fomu zilizouliza ukoo wa mwombaji na kazi ya baba yake. Mwaka huohuo wa 1926, mwezi Juni, vijana 8,040 walifanya kwa mara ya kwanza mtihani mpya wa kupima uwezo, ulioandaliwa na kamati ya Carl Brigham wa Princeton, ambaye mwanzoni aliamini unapima akili ya kuzaliwa, na miaka michache baadaye akaandika hadharani kwamba amekosea.

Kwa hiyo jibu la mkanganyiko wako ni hili: mtihani ule wa Kilatini na Kigiriki ulimuuliza kijana ametoka shule gani. Usomi wake ulikuwa swali jingine, na vyuo vilianza kuliuliza kwa dhati miaka arobaini baadaye. Hata geti lilipofungwa kweli, waliofungiwa wengi walikuwa ndio wanaosoma.

Ukienda nayo darasani, usiwape wanafunzi karatasi hiyo peke yake. Ubaoni andika 210 na 185, na chini yake 1907, zaidi ya nusu. Halafu waulize mtihani wetu wa kidato cha sita ungeonekanaje kwa kijana wa Boston wa mwaka 1869: maswali yapi yangemshinda, na kama hilo lingemfanya mjinga. Nimelifanya zoezi hilo mara nyingi. Kengele hulia kabla hawajamaliza kubishana.

Na mjomba akishikilia msimamo wake, usimbishie, ni mkubwa wako. Mpelekee ile karatasi na kalamu, umwombe kwa adabu akutafsirie mstari wa kwanza wa Kigiriki.